Kupiga CT anjiografia ya kichwa na shingo: kuwahi ateri kabla vena hazijajaa

Dawa ya kontrasti, ile ya ayodini inayong'arisha mishipa kwenye picha, ikishaingia kwenye ateri za ubongo haikai. Baada ya sekunde tano au sita imekwisha kupita kwenye kapilari na kuanza kujaza vena. Anayepiga CT anjiografia, yaani picha za CT za mishipa ya damu, ana mwanya huo tu. Akiwahi mno, ateri zinaonekana hafifu na msomaji anaweza kudhani zimeziba. Akichelewa, sinasi ya kaverno, mfuko wa damu ya vena chini ya ubongo, inang'aa sawasawa na karotidi, ateri kubwa itokayo shingoni, inayopita ndani yake, na anurisimu ndogo (sehemu ya ukuta wa ateri iliyodhoofu ikatuna) iliyojibanza pale haionekani. Kompyuta haiwezi kuurudisha wakati uliokwisha kupita. Picha nzuri ya mishipa hii hutengenezwa kwenye mkono wa mgonjwa, kwa kanula (mrija mdogo unaowekwa kwenye mshipa) na pampu, kabla mashine haijaanza kuzunguka.

Maelezo haya ni ya mgonjwa mtu mzima anayeletwa kwa kiharusi cha ghafla, au kwa maumivu makali ya kichwa yanayotia shaka ya anurisimu. MRI na anjiografia ya katheta zinaguswa mwishoni, kwa sababu zipo siku ambazo CT haitoshi.

Tangulia na picha isiyo na dawa

Usidunge chochote kabla ya CT ya kawaida ya kichwa. Damu iliyovuja karibuni huonekana nyeupe, na kontrasti nayo ni nyeupe. Ukitanguliza dawa, damu nyembamba iliyotanda juu ya ubongo inapotea machoni, na daktari anayetaka kuamua kama atoe dawa ya kuyeyusha bonge la damu anabaki hana jibu. Tengeneza vipande vya milimita 5 kwa kusoma haraka na vya milimita 1 kwa kuchunguza ateri. Bonge jipya ndani ya ateri ya kati ya ubongo mara nyingi huonekana kama uzi mweupe upande mmoja hata kabla ya kontrasti. Ukiuona uzi huo, unajua pa kuanzia.

Wakati mashine inapiga, soma fomu ya maombi upya. Kama ni kiharusi, piga kuanzia tao la aota (ateri kuu itokayo moyoni) mpaka utosini, kwa sababu bonge linaweza kuwa limetoka kwenye karotidi ya shingoni, na daktari atakayepitisha katheta kulivuta anahitaji kuiona njia yote kuanzia kifuani. Kama wanatafuta bonge kwenye vena, saa ni nyingine kabisa: picha hupigwa sekunde 40 hadi 45 baada ya kuanza kudunga. Fomu iliyoandikwa "angio ya kichwa" bila neno jingine ni ya kupigiwa simu. Dakika moja ya kuuliza ni nafuu kuliko kumdunga mgonjwa mara mbili.

Mgonjwa mwenyewe, au ndugu aliyemleta, muulize kama aliwahi kupata tatizo baada ya kudungwa kontrasti, kama ana ugonjwa wa figo, anatumia dawa gani, na kama anaweza kuwa mjamzito. Mzio wa kamba au kaa hauzuii kipimo. Mzio huo unatokana na protini za nyama yao na hauhusiani na ayodini ya dawa hii, ingawa bado kuna wagonjwa wanaorudishwa kwa sababu hiyo. Kwa figo, tahadhari huanza pale kiwango cha uchujaji wa figo kinaposhuka chini ya mililita 30 kwa dakika. Anayetumia metformini, dawa ya kisukari, akiwa chini ya kiwango hicho, au figo zake zimeumia ghafla, aiache siku ya kipimo na saa 48 zinazofuata, kisha figo zipimwe kabla hajairudia. Lakini mgonjwa wa kiharusi asicheleweshwe kwa kungoja majibu ya kreatinini, kipimo cha damu cha figo. Ubongo unaokosa damu unakufa dakika kwa dakika, na hatari hiyo ni kubwa kuliko ya figo.

Mkono wa kulia, kwenye kunjo la kiwiko

Kanula iwe ya kijani, geji 18. Ya waridi, geji 20, inakubalika. Ya buluu, geji 22, haifai kwa kasi tunayoihitaji, na ile iliyowekwa nyuma ya kiganja tangu wodini iache iendelee na kazi yake ya dripu.

Kwa nini kulia? Vena inayoleta damu kutoka mkono wa kushoto hukatiza kifua nyuma ya mfupa wa kidari, ikibanwa kati ya mfupa huo na matawi ya tao la aota. Kwa watu wazima wengi, hasa wazee ambao aota imetanuka, sehemu hiyo ni nyembamba. Kontrasti nzito inayosukumwa kwa nguvu inakwama pale na kupanda kinyumenyume kwenye vena za shingo. Matokeo yake utayaona kwenye picha: michirizi myeupe na myeusi inayotoka kwenye vena kama miale, ikifunika mahali karotidi na ateri za vetebra (zinazopanda ndani ya mifupa ya shingo) zinapoanzia. Mkono wa kushoto utumie tu kama wa kulia umeshindikana, na uandike hivyo kwenye fomu ili msomaji ajue.

Jaribu kanula kwa maji ya chumvi kabla ya kuiamini. Kwanza kwa mkono: weka vidole viwili juu ya ngozi, sentimita mbili tatu juu ya ncha ya kanula, sukuma mililita 10 kwa haraka na usikilize kwa vidole. Mshipa mzuri unatetema kidogo, unapata ubaridi, kisha unatulia. Ukihisi ngozi inainuka taratibu kama mkate unaoumuka, au mgonjwa akikunja uso, maji yameingia kwenye nyama. Toa kanula, tafuta mshipa mwingine. Ukiridhika, rudia kwa pampu, mililita 20 kwa kasi ileile utakayotumia kwa dawa, huku umesimama kando yake. Jaribio la pili wengi huliruka, na ndivyo kontrasti inavyoishia kwenye mkono uliovimba.

Dawa ipashwe joto hadi nyuzi 37. Kontrasti baridi ni nzito kama asali. Shinikizo kwenye pampu linapanda, pampu inajipunguzia kasi yenyewe, na unabaki ukishangaa kwa nini ateri zimefifia. Wakati wa kujaza, kichwa cha pampu kielekee juu na ugonge bomba mpaka mapovu yatoke. Baada ya hapo kigeuze kielekee chini, ili povu lililojificha libaki nyuma, upande wa pistoni. Mrija wote ujae maji mpaka tone lionekane kwenye ncha ndipo uunganishe.

Kumlaza na kumweleza

Toa meno ya bandia, hereni, mkufu, vibanio vya nywele na shanga za chuma kwenye nywele. Kichwa kikae ndani ya kishikizo, kidevu kimeinama kidogo, mkanda upite kwenye paji la uso. Mikono iwe chini, mabega yavutwe kuelekea miguuni kadiri mgonjwa anavyoweza. Mabega yaliyopanda yanaficha ateri za vetebra kwenye shina la shingo, na hakuna marekebisho ya kompyuta yatakayozifufua. Nyaya za moyo na mrija wa oksijeni zisipite juu ya shingo.

Kisha mweleze, kwa sababu mgonjwa anayeshtuka hutikisa kichwa katika sekunde zilezile unazozitaka. Maneno machache yanatosha: "Mama, dawa ikiingia utasikia joto kali kooni, litashuka mpaka tumboni, utahisi kama umejikojolea. Hujajikojolea, ni dawa. Usimeze mate, usizungumze, usigeuze kichwa mpaka nikuambie." Ukimwambia tu kwamba atasikia joto kidogo, atashtuka, kwa sababu si kidogo.

Kiasi, kasi na hesabu yake

Kwa kontrasti yenye miligramu 350 za ayodini kwa mililita, mililita 60 hadi 70 zinatosha, kwa kasi ya mililita 4.5 hadi 5 kwa sekunde, zikifuatwa papo hapo na mililita 40 za maji ya chumvi kwa kasi hiyohiyo. Maji haya yana kazi kubwa. Mwisho wa kudunga, sehemu ya dawa inabaki kwenye mrija na kwenye vena za mkono bila faida. Maji yanaisukuma ifike, na yanasafisha vena kuu ya kifuani ili isitoe michirizi.

Kinachong'arisha ateri ni gramu za ayodini zinazoingia kila sekunde. Mililita 5 za dawa ya 350 ni gramu 1.75 kwa sekunde. Mshipa ukiwa dhaifu na ukabeba mililita 3.5 tu, unashuka hadi gramu 1.2, na tofauti itaonekana. Una njia mbili za kufidia. Ya kwanza ni dawa nzito zaidi: kwa 400, mililita 3.5 zinakupa gramu 1.4. Ya pili, ambayo ni bora kwa mgonjwa asiye na mwili mkubwa, ni kushusha volti za mashine. Ayodini hunyonya vizuri zaidi eksirei zenye nguvu ndogo, hivyo kutoka kV 120 kwenda 100 mng'ao wake unaongezeka kwa karibu robo, na mionzi inapungua. Kuongeza mililita bila kuongeza kasi hakusaidii ateri. Kunarefusha tu muda wa dawa kuingia, na mwishowe kunajaza vena.

Kuivizia dawa

Muda wa dawa kutoka kiwikoni mpaka aota kwa mtu mwenye moyo mzima ni sekunde 15 hadi 20. Kwa mwenye moyo uliochoka unaweza kuvuka 30. Hivyo anayetumia muda uleule kwa wagonjwa wote atakosea kwa walio dhaifu, na hao ndio wengi kwenye wodi ya kiharusi. Acha mashine iivizie dawa.

Piga kipande kimoja kwenye usawa wa tao la aota. Chora duara dogo katikati ya aota, mbali na ukuta wenye chokaa na mbali kabisa na vena kuu iliyo kulia kwake. Weka kizingiti cha HU (kipimo cha mng'ao kwenye CT) 100 hadi 120 juu ya mng'ao wa mwanzo. Anza kufuatilia sekunde 8 hadi 10 baada ya kudunga, kipande kimoja kila sekunde. Kizingiti kikifikiwa, mashine husubiri sekunde 4 au 5 wakati meza inajiweka sawa, kisha hupiga kutoka chini kwenda juu, ikifuata mkondo wa damu.

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Duara likigusa vena kuu, mashine inaanza mara dawa inapoingia kifuani, na ateri zote ni tupu. Mgonjwa akisogea kidogo, duara linahama kutoka kwenye aota na kizingiti hakifikiwi kamwe. Kwa hiyo macho yasitoke kwenye kioo: ukiona aota imeng'aa na mstari wa grafu haupandi, bonyeza mwenyewe. Mstari ukipanda polepole mno, usibabaike ukabonyeza mapema. Kwa moyo dhaifu dawa huchelewa lakini ikifika hujaa vizuri, kwa kuwa damu kidogo ndiyo inayoichanganya.

Mashine za kisasa nazo zina kosa lake. Mashine ya zamani ya safu 16 huchukua sekunde 10 au zaidi kutoka kifuani mpaka utosini, na dawa inapata nafasi ya kwenda nayo. Mashine pana na ya haraka humaliza safari hiyo kwa sekunde 3 au 4 na huweza kuipita dawa njiani: shingo imejaa, kichwa kikavu. Ukiwa na mashine ya namna hiyo, ongeza kusubiri kwa sekunde 2 au 3. Wapo wanaopiga kutoka juu kwenda chini ili kupunguza michirizi ya kifuani. Inawezekana, ila kusubiri kuongezwe zaidi. Kwa mgonjwa wa kiharusi tunapendelea kutoka chini, kwa sababu kichwa ndicho tusichoweza kukikosa.

Mzunguko wa nusu sekunde, vipande vya milimita 0.6 vinavyopandana kwa nusu, uwanja wa milimita 200 hadi 220, na kichujio laini cha mishipa: hivyo vinatosha kwa karibu kila mashine.

Mgonjwa akiwa bado mezani, pima. Weka duara kwenye karotidi ndani ya fuvu na jingine kwenye sinasi ya juu ya kati, vena kubwa inayopita katikati juu ya ubongo. Ateri ikiwa HU 300 na sinasi iko chini sana ya hapo, kazi ni nzuri. Ateri chini ya 200 na sinasi pia iko chini, umewahi. Zote mbili zimelingana, umechelewa. Andika ulichokiona, maana msomaji asiyejua kwamba picha iliwahi anaweza kuandika "ateri imeziba" pale ambapo dawa haikuwa imefika.

Kwa kiharusi, ongeza awamu mbili za kichwa peke yake, kila moja sekunde 8 baada ya iliyotangulia, bila kudunga tena. Gharama ni mionzi kidogo. Faida ni mbili. Unaona kama njia za pembeni zinaufikishia damu upande ulioathirika, ingawa kwa kuchelewa, na hilo linamwambia daktari ni kiasi gani cha ubongo bado kinaweza kuokolewa. Na unajiepusha na mtego wa karotidi ya shingoni: bonge likikaa kwenye ncha ya karotidi ndani ya fuvu, damu iliyo chini yake inasimama, dawa haipandi, na awamu ya kwanza inaonyesha kana kwamba karotidi imezibia shingoni. Ukiwa na shaka hiyo, awamu ya pili ianzie shingoni badala ya kichwani. Dawa itakuwa imepanda polepole mpaka kwenye bonge lenyewe.

Kutengeneza na kusoma

Tengeneza MIP, yaani picha inayochukua nukta angavu kuliko zote ndani ya pande la unene fulani, kwa milimita 10 na hatua ya milimita 3, katika mielekeo mitatu. Picha ya pande tatu inayozungushwa iwe ya mwisho. Inapendeza na wapasuaji wanaipenda, lakini programu inayofuta mifupa huweza kufuta na kipande cha karotidi kinachopita kando ya mfupa wa chini ya fuvu, pamoja na anurisimu iliyokaa juu yake. Chochote ulichokiona au usichokiona pale, kihakikishe kwenye vipande vyembamba.

Upana wa dirisha uwe 700 na kiini 200. Anayesoma kwa dirisha la ubongo, lenye upana wa 80, anaona dawa na chokaa ya ukutani kuwa kitu kimoja cheupe.

Fuata njia moja kila mara. Anza kwenye tao la aota, panda karotidi ya kulia mpaka inapogawanyika shingoni, endelea hadi ncha yake ndani ya fuvu, rudia kushoto. Kisha ateri mbili za vetebra mpaka zinapoungana kuwa basila, na basila mpaka kilele chake. Mwisho, duara la Willis, pete ya ateri chini ya ubongo, lililopewa jina la Thomas Willis aliyelieleza mwaka 1664, halafu matawi ya mbali, upande kwa upande. Kwenye matawi ya ateri ya kati, linganisha idadi: tawi lililokatika ghafla hujulikana kwa pengo lake kuliko kwa bonge lenyewe.

Duara hilo mara nyingi si kamili kama linavyochorwa kwenye vitabu. Vetebra moja kuwa nyembamba kuliko nyingine, mara nyingi ya kulia, ni jambo la kawaida. Ateri ya nyuma ya ubongo ikitoka moja kwa moja kwenye karotidi, kama ilivyokuwa tumboni kwa mama, basila nayo itakuwa nyembamba, na hiyo si kuziba. Mshipa mwembamba wa kuzaliwa huwa laini na una upana mmoja njia nzima. Uliobanwa na ugonjwa una ukuta wenye mawimbi au chokaa, na hupungua ghafla.

Ukitafuta anurisimu, nenda kwenye njia panda: ateri unganishi ya mbele, ateri unganishi ya nyuma, mgawanyiko wa ateri ya kati, kilele cha basila, na ateri ya nyuma-chini ya serebela (ubongo mdogo wa nyuma). Zilizo chini ya milimita 3 hupotea kwa urahisi kwenye CT. Ukipata ya kwanza, endelea kutafuta, kwani mgonjwa anaweza kuwa na zaidi ya moja. Na kwenye mwanzo wa ateri unganishi ya nyuma kuna kitu kinachodanganya, faneli ya kawaida: ina umbo la pembetatu, haizidi milimita 3, na ateri inatoka kwenye ncha yake. Anurisimu huwa duara, na ateri inatoka ubavuni.

Kubanwa kwa karotidi shingoni pima kwa njia ya NASCET, utafiti maarufu wa karotidi: gawanya kipenyo cha mahali palipobana zaidi kwa kipenyo cha karotidi iliyo nzima juu yake, toa jibu kwenye 1, zidisha kwa 100. Milimita 1.5 kwa milimita 5 ni asilimia 70, na kwa mgonjwa aliyekwisha pata dalili, kuanzia hapo ni kubanwa kukali. Chokaa nyingi hutapakaa kwenye picha na kuongeza ukubwa wa tatizo. Panua dirisha zaidi kabla ya kupima.

Dawa ikivuja au mwili ukiikataa

Ikivuja kwenye nyama, simamisha pampu, toa kanula, inua mkono juu ya usawa wa moyo na weka kitambaa baridi. Chora mpaka wa uvimbe kwa kalamu ili ujue kama unaenea. Maumivu yanayozidi, ganzi vidoleni, malengelenge au ngozi kubadilika rangi ni sababu ya kumwita daktari wa upasuaji saa hiyohiyo.

Vipele vichache na muwasho vinahitaji uangalizi. Sauti ikikwaruza, kifua kikibana au shinikizo la damu likishuka, usingoje: adrenalini miligramu 0.5, yaani nusu mililita ya ile ya 1 kwa 1,000, kwenye msuli wa paja upande wa nje, miguu iinuliwe, oksijeni iwekwe, na rudia baada ya dakika 5 kama hapana nafuu. Adrenalini hiyo ikae kwenye trei karibu na mlango, isifungiwe kabatini. Kanula isitolewe mapema, kwani athari kali nyingi hujitokeza ndani ya dakika 30 za mwanzo.

CT isipotosha

MRI inaweza kuonyesha ateri hizi bila sindano wala mionzi, kwa njia ya TOF. Tishu iliyotulia ndani ya pande linalopigwa hufifishwa na mapigo ya redio yanayorudiwa, na damu mpya inayoingia kutoka chini inang'aa kwa sababu haijafifishwa. Weka mkanda wa kuzima (eneo ambalo mng'ao wa damu hufutwa) juu ya pande hilo, usogee nalo, ili vena zinazoshuka zisionekane. Kipimo huchukua dakika 5 hadi 7 za kutulia kabisa, hivyo kinamfaa anayefuatiliwa anurisimu mwaka hadi mwaka kuliko mgonjwa anayehangaika kitandani. Damu ikienda polepole au kwa mizunguko, mng'ao unapotea na mbano wa wastani unaonekana kama mshipa ulioziba. Bonge la siku kadhaa, kinyume chake, linaweza kung'aa lenyewe na kudhaniwa kuwa ni damu inayopita. Mwenye klipu ya anurisimu kichwani asivuke mlango wa chumba cha sumaku mpaka aina ya klipu hiyo ijulikane kwa maandishi.

Kwa mtoto mwenye selimundu, kuanzia miaka 2 hadi 16, hakuna haja ya kudunga kitu ili kujua hatari yake ya kiharusi. Ultrasaundi ya Dopla kupitia mfupa wa panja, kwa kichwa cha MHz 2, hupima kasi ya damu kwenye ateri ya kati. Wastani wa kasi ya juu ukifika sentimita 200 kwa sekunde, hatari ni kubwa na mtoto anahitaji mpango wa kuongezewa damu mara kwa mara. Apimwe akiwa macho na ametulia, bila homa, maana homa huongeza kasi na usingizi pia huibadilisha.

Anjiografia ya katheta, ambayo Egas Moniz aliianzisha Lisbon mwaka 1927, bado ndiyo yenye neno la mwisho. Katheta hupitishwa kwenye ateri ya paja au ya kifundo cha mkono mpaka shingoni, picha ya kwanza bila dawa hutolewa kwenye picha zenye dawa, na kinachobaki ni mishipa peke yake, picha tatu au nne kwa sekunde. Hapo wakati wenyewe unaonekana: vena ikijaa wakati ateri bado zimejaa, kuna njia ya mkato kati yake, kasoro ambayo CT ya awamu moja huikosa. Iombwe pale damu imetanda kuzunguka ubongo na CT anjiografia haikuonyesha chanzo. Na kama nayo haikukiona, irudiwe baada ya siku kadhaa, kwa sababu bonge dogo au mshipa uliojikaza huweza kuficha anurisimu wiki ya kwanza.